Safari ya Ulaya ya 1759: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza na Kucheza Mchezo wa Kale wa Jiografia

Tarehe 14 Septemba 1759, John Jefferys, mwalimu wa mwandiko, hesabu na jiografia huko Westminster, London, alitoa karatasi moja kubwa yenye ramani ya Ulaya na kuiita A Journey Through Europe, or the Play of Geography. Ramani hiyo ina vituo 77 vyenye namba. Mchezaji anazungusha pia, yaani kidude chenye namba kinachozunguka mezani, anasogeza alama yake kituo hadi kituo, na anayetangulia kufika London ndiye mshindi.

Wafaransa walikuwa wameanza zaidi ya miaka 100 kabla. Pierre Du Val, mwanajiografia wa mfalme, alichapisha Le Jeu du Monde mjini Paris mwaka 1645, mchezo wa vituo 63 unaoishia Ufaransa. Lakini kwa Du Val kila nchi imo ndani ya kiduara chake, na viduara vinazunguka kuelekea katikati ya karatasi. Kwa Jefferys alama inatembea juu ya nchi zenyewe, kwa hiyo mtoto akisogea vituo vitano anaona amevuka nini na ameelekea upande gani. Ndiyo maana huu ndio mchezo wa kale wa jiografia unaofaa zaidi kutengenezewa nakala na kuchezwa leo darasani au nyumbani.

Nakala halisi zimehifadhiwa kwenye makusanyo kama ya Makumbusho ya Victoria and Albert, London, na hazichezewi. Kama wewe mwenyewe una mchezo wowote wa ramani wa zamani, usijifunzie kazi hii juu yake. Usiubandike gundi, usiupige pasi, na usiuzibe kwa selotepu: selotepu hugeuka manjano, huacha mafuta kwenye karatasi, na kuiondoa ni kazi ya mtaalamu. Piga picha, chapa picha hiyo, kisha fanya yote yafuatayo kwenye nakala.

Kazi nzima huchukua siku tatu, na sehemu kubwa ni kusubiri vitu vikauke.

Picha na uchapaji

Tafuta picha kubwa kabisa ya mchezo kwenye tovuti ya makumbusho au maktaba. Kazi ya 1759 haina tena hakimiliki, ila taasisi nyingi zina masharti juu ya picha walizopiga wenyewe, kwa hiyo soma masharti hayo kabla ya kupakua. Vipimo vya mwongozo huu ni vya ramani ya sentimita 64 kwa 48. Ili iwe safi kwa nukta 300 kwa inchi, picha inatakiwa iwe na pikseli 7,559 kwa 5,669. Nukta 200, yaani pikseli 5,039 kwa 3,780, bado zinatosha kusomeka. Chini ya hapo majina ya miji midogo huanza kuvurugika. Kama umbo la picha yako ni tofauti kidogo, usilinyooshe kwa nguvu. Acha uwiano wake, kisha gawanya urefu kwa 4 na kimo kwa 3.

Huhitaji mashine kubwa ya kuchapa. Ramani itakatwa miraba 12 ya sentimita 16, safu tatu zenye miraba minne kila moja. Karatasi moja ya A3 inabeba miraba miwili iliyo ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kata picha kwenye kompyuta vipande sita vya sentimita 32 kwa 16 na uchape A3 sita. Mahali vipande vinapokutana ndipo kisu kingepita hata hivyo, basi hakuna kiungo kitakachoonekana. Chagua kuchapa kwa asilimia 100. Ukiiachia printa irekebishe ukubwa ili ramani ienee kwenye karatasi, pwani hazitakutana. Chapa zote siku moja, kwenye mashine moja, kutoka kwenye rimu moja.

Tumia printa ya leza. Wino wa printa nyingi za kawaida huyeyuka ukiguswa na gundi ya maji, na bahari yote ikageuka madoa. Kama huna uhakika na mashine ya dukani, omba wakuchapie kipande kidogo kwanza, kilowanishe, subiri dakika moja, halafu kisugue kwa kidole.

Karatasi iwe ya gramu 100 hadi 120, isiyong'aa. Karatasi inayong'aa hainywi gundi wala rangi. Ramani za wakati ule zilichongwa kwenye bamba la shaba, zikachapwa kwa wino mweusi, na rangi ikatiwa kwa mkono. Ukichapa kwa nyeusi tupu unaweza kufanya vivyo hivyo: pitisha rangi ya maji nyepesi kwenye mipaka ya nchi kwa upana wa milimita 3 tu, ndani ya mstari, kisha uache ikauke kabisa kabla ya kukata chochote.

Kitambaa

Ramani za kukunja za zamani zilibandikwa juu ya kitani ili mikunjo ipite kwenye kitambaa, karatasi isichanike. Badala ya kitani tumia amerikani ya pamba isiyotiwa rangi. Ni nyembamba, imefumwa sawasawa, na inauzwa kwa mita. Nunua mita moja.

Ifue kwa maji ya moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha, uisuuze vizuri. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaozuia gundi kuingia, tena hakijarudi. Kikirudi baada ya kubandikwa, miraba yote 12 itainuka pembezoni, na hilo halina dawa. Kikikauka kipige pasi, kisha kata kipande cha sentimita 75 kwa 60 ukifuata nyuzi: vuta uzi mmoja wa mtande (wa urefu) na mmoja wa mshindio (wa upana), ukate kwenye njia zilizoachwa. Kitambaa kilichokatwa kwa kukisia huvutika mshazari, na ramani ikikunjwa haikai mraba.

Gundi ya unga

Gundi nyeupe ya seremala haifai hapa, ingawa wengi huikimbilia. Inakauka kabla hujamaliza kusawazisha mraba, ukikosea huwezi kuulowanisha na kuung'oa, na kwenye joto miraba iliyokunjwa pamoja huweza kunatana. Gundi ya unga inakupa dakika za kutosha kurekebisha, na hata baada ya miaka inalegea kwa maji.

Chukua gramu 40 za unga wa ngano mweupe uliochekechwa, kama vijiko vinne vya chakula, usio na hamira. Uvuruge kwa mililita 60 za maji baridi mpaka usione donge. Chemsha mililita 190 za maji, punguza moto, mimina unga huku ukikoroga, na uendelee kukoroga kwa dakika 10. Gundi iliyoiva huacha weupe wa unga, ikaanza kupenyeza mwanga. Iliyotolewa mapema inafanana na uji na hainati. Ipoze ukiwa umefunika, kisha uipitishe kwenye chujio la chai.

Uzito ndio unaoamua kazi nzima. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka ifanane na mtindi mzito uliokorogwa. Ikidondoka matone kutoka kwenye brashi, ni nyepesi mno: itapenya hadi uso wa ramani na kuacha madoa ya kijivu. Ikiacha michirizi minene ya brashi, ni nzito mno: ramani itakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo baada ya wiki chache. Pika ya siku hiyo tu, maana ya jana imeshaanza kuchacha.

Kukata na kubandika

Kabla ya kukata, tambua nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Lowanisha upande mmoja wa kipande cha mraba cha karatasi ileile. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Karatasi ikinywa gundi hupanuka kukatisha nyuzi, wala si kuzifuata. Mraba wa sentimita 16 unaweza kuongezeka milimita 2 upande mmoja huku upande wa pili ukibaki karibu vilevile. Ajali nyingi za kazi hii zinaanzia hapo. Mtu anapima nafasi kati ya karatasi zilizolowa, anaona zimebanana, anaanza kusukuma, na zikikauka safu zimepinda.

1. Andika namba 1 hadi 12 kwa penseli nyuma ya miraba, pamoja na mshale unaoonyesha juu. Kata kwa rula ya chuma na wembe mpya. Wembe butu huacha manyoya yanayonyonya uchafu.

2. Weka kitambaa kikiwa na unyevu juu ya ubao wenye fomaika, au plaiwudi iliyofunikwa nailoni. Kibane kwa pini kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, pini kila baada ya sentimita 4, mpaka kikaze bila mawimbi. Kiache kikauke hapohapo.

3. Kwa penseli nyepesi chora vyumba 12 juu ya kitambaa: upana wa kila chumba milimita 163, kimo milimita 164. Kila mraba ukikaa katikati ya chumba chake, utabaki na nafasi ya milimita 3 kati ya nguzo (mistari minne ya miraba iliyosimama wima) na milimita 4 kati ya safu. Nafasi za safu ni pana zaidi kwa sababu ramani hukunjwa kwanza kwa nguzo, na mkunjo wa pili unabeba matabaka manne yenye unene wa karibu milimita 2.

4. Laza mraba wa kwanza kifudifudi kwenye karatasi chakavu, upake gundi kutoka katikati kwenda nje hadi ukingo upite. Subiri dakika 5 kamili upanuke. Tumia muda uleule kwa kila mraba, la sivyo kila mmoja utakuwa na ukubwa wake. Wakati huo upake wa pili.

5. Paka gundi kidogo sana ndani ya chumba husika kwenye kitambaa. Usipake kwenye nafasi za mikunjo.

6. Anza na miraba miwili ya kati ya safu ya katikati, kisha uende nje. Ushushe mraba ukiwa umeupinda kidogo, katikati iguse kwanza, halafu uache kingo zishuke. Uangalie umekaa katikati ya chumba pande zote, hata kama nafasi inaonekana finyu upande uliopanuka. Itafunguka ikikauka.

7. Funika kwa karatasi safi na usugue kwa kiganja kutoka katikati. Usisugue juu ya chapa moja kwa moja, karatasi iliyolowa huchubuka.

8. Miraba yote ikikaa, acha kila kitu kwenye ubao kwa saa 24 mbali na jua. Usiongeze kasi kwa feni wala pasi. Pembe zikitangulia kukauka zitajivuta juu.

Ukiona povu la hewa baada ya kukauka, lichanje kwa ncha ya wembe kufuata mstari wowote wa ramani, ingiza gundi kidogo kwa kijiti, bonyeza, weka uzito juu. Pembe iliyoinuka hutibiwa vivyo hivyo. Safu iliyokaa mshazari kwa zaidi ya milimita 2 haijifichi. Lowanisha kwa sponji, subiri dakika 15, ing'oe taratibu na ubandike nakala mpya.

Toa pini, kata kitambaa ukiacha milimita 5 nje ya ramani, na upitishe gundi nyepesi kwenye ukingo huo usifumuke. Kunja nguzo nne mbele na nyuma kwa zamu, halafu ukunje safu tatu kwa mtindo huohuo. Weka chini ya vitabu vizito kwa siku moja. Utapata furushi la sentimita 16 hivi kila upande, lenye unene wa karibu milimita 6. Kwa ganda la kuuhifadhia, pima furushi lako lenyewe baada ya kushindiliwa, uongeze milimita 2 kwenye upana na milimita 2 kwenye unene, kisha utengeneze mfuko wa kadibodi ulio wazi upande mmoja, wenye pengo la nusu duara la kuingizia kidole gumba. Weka pakavu: gundi ya unga ni chakula cha mende na panya, na kwenye hewa ya pwani huota ukungu ukiufungia mchezo ndani ya nailoni.

Pia

Michezo ya aina hii ilichezwa kwa pia yenye pande zenye namba. Dadu zilihusishwa na kamari, na huko Uingereza zilitozwa ushuru tangu 1711, shilingi 5 kwa jozi. Pia ya pande nane inafaa ramani ndefu namna hii: wastani wa mzunguko ni 4.5, kwa hiyo vituo 77 vinahitaji mizunguko kama 17 kwa mchezaji. Wachezaji wanne wanaotumia nusu dakika kila zamu humaliza kwa takriban dakika 35 bila kuhesabu adhabu, muda wa kipindi kimoja. Ukitumia dadu ya sita, wastani ni 3.5 na mizunguko inafika 22.

Kwenye kadibodi ngumu ya milimita 2, chora duara lenye nusu kipenyo cha milimita 20 kwa bikari. Piga mistari miwili inayokatana wima katikati, gawanya pembe zake nusu kwa nusu, unganisha alama nane kwenye mzingo, ukate. Kila upande utakuwa milimita 15 na ushei. Andika namba karibu na kingo ukizunguka hivi: 1, 8, 3, 6, 2, 7, 4, 5. Kubwa zikichanganyika na ndogo, pia iliyoinama kidogo haitampendelea mtu sana.

Tundu la bikari ndilo kitovu. Lipanue polepole kwa ncha ya msumari, usitoboe jipya. Ingiza kijiti cha mishikaki cha milimita 40, kitokeze milimita 12 chini, na ncha uichonge iwe butu kidogo. Namba inayohesabiwa ni ya upande uliogusa meza. Pia ikiyumba tangu mwanzo, shusha kadibodi karibu zaidi na ncha.

Ijaribu kabla ya kuichezea. Izungushe mara 80. Kila namba inategemewa kutokea kama mara 10. Namba iliyotokea mara 17 au zaidi ina upande mzito au kijiti kimeinama. Nyoosha kijiti kwanza. Ikibaki vilevile, bandika kipande kidogo cha karatasi upande wa pili, chini, na uanze kuhesabu upya.

Alama za wachezaji

Fimbo nyembamba ya mbao ya milimita 6 hadi 8, iliyokatwa vipande vya milimita 20 na kupakwa rangi nne tofauti. Zaidi ya milimita 8 alama hufunika namba za vituo vya jirani. Vilevile mpe kila mchezaji kete nne. Anayepaswa kukosa zamu tatu anaweka kete tatu mezani na kuchukua moja kila zamu yake inapofika, na ubishi unaisha.

Kucheza

Nakili kanuni zilizochapwa kwenye ramani uzifasiri kabla ya siku ya kucheza. Katika maandishi ya wakati ule, herufi s katikati ya neno mara nyingi ina umbo linalofanana na f, na ye husomwa the. Mtu akifika kituoni asome jina kwa sauti na aseme ametoka upande gani wa dira. Bila hilo mchezo unageuka kuwa wa kuhesabu tu.

Kanuni tatu zinabeba ladha yote. Anayetua anapoishi mfalme huhesabu mzunguko wake mara mbili. Anayetua Hanover, namba 28, hupelekwa namba 54, Gibraltar, kwa amri ya mfalme wa Uingereza, akawatembelee wananchi wenzake wanaolinda ngome. Hapo kuna somo zima: mwaka 1759 George II alikuwa mfalme wa Uingereza na papo hapo mtawala wa Hanover, dola ya Kijerumani, na Gibraltar ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1704. Anayetua Roma, namba 48, hufukuziwa Iceland, namba 4, na kukosa zamu tatu kwa kosa la kubusu kidole cha mguu cha Papa.

Kanuni hii ya mwisho imebeba chuki ya Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 18 dhidi ya Wakatoliki. Usiifute. Isomeni kama ilivyo, mwalimu aeleze ilitoka wapi na ilifanya nini mikononi mwa watoto waliojifunza dunia kwa mchezo huu. Kuhusu uzito wake, ni mkali mno kwa wadogo: kurudi vituo 44 ni sawa na mizunguko kama 10, ukiongeza zamu tatu ni 13, na mtoto huyo hana tena mchezo. Kwa walio chini ya miaka 10 mwache aende Iceland lakini akose zamu moja.

Weka ramani ya Ulaya ya leo pembeni. Wachezaji watatafuta Italia na Ujerumani kama nchi moja moja wasizipate, kwa sababu Italia iliungana 1861 na Ujerumani 1871, na wataikuta Poland kubwa kabla ya mgawanyo wa kwanza wa 1772.

Wakishaizoea njia, ongeza ugumu kwa kanuni ya mchezo wa Kimarekani uliochapishwa na F. & R. Lockwood, New York, mwaka 1822, The Traveller's Tour Through the United States. Ramani yake ina namba 139 bila majina ya miji, na mchezaji anatakiwa kuutaja mji mwenyewe. Kwa nakala yako, futa majina kwenye kompyuta, chapa ramani ya pili, na umpe mtu mmoja asiyecheza orodha ya namba na majina. Anayekosea jina abaki alipokuwa. Anza na vituo 20 vya kwanza tu, uongeze kumi kila wiki.